Jumapili ya samaki Ancona: namna ya kuagizia familia ya watu wanane

Msomaji wetu anayeishi Bologna ametuandikia hivi: wakwe zake wanakuja kutoka Mombasa mwezi Mei, na Jumapili moja anataka kuwapeleka Ancona wakale samaki kwenye trattoria ya kawaida, mahali ambapo familia za Kiitaliano hula chakula cha mchana. Watakuwa wanane: wazee wawili, yeye na mumewe, shemeji yake, na watoto watatu wa miaka 4, 9 na 13. Hawali nguruwe wala hawagusi pombe. Walishajaribu mara moja Rimini na mambo yakaharibika: kila mtu aliagiza kivyake, sahani zikaja bila mpangilio, baba mkwe wake akakaa karibu saa nzima na mkate mtupu mbele yake, na samaki wa kupimwa kwa mizani akaipandisha bili. Anauliza: tuagizeje safari hii?

Dada, wafikishie wazee shikamoo zetu. Tuanze na yaliyompata baba mkwe wako, maana ukiyaelewa hayo umeshaelewa nusu ya jibu. Bila shaka yeye aliagiza samaki wa kuchoma, na ninyi wengine mkaagiza pasta. Pasta ni primo, sahani ya kwanza; samaki wa kuchoma ni secondo, sahani ya pili. Jiko la trattoria haliangalii nani ana njaa, linaangalia zamu. Antipasti, yaani vionjo vya kuanzia, hutoka kwanza kwa meza nzima, kisha primi, na secondi hazisogei mpaka mhudumu ameondoa sahani za pasta. Aliyeagiza secondo peke yake atasubiri wote wamalize, isipokuwa meza imesema mapema „tutto insieme", vyote viletwe pamoja. Kwa hiyo msiagize kwa kichwa, agizeni kwa meza. Mtu mmoja azungumze na mhudumu kwa niaba ya wote, vyakula viwekwe katikati, na ngazi zote mpande pamoja.

Wala hamlazimiki kupita kila ngazi. Kwenye pwani hii ya Adriatiki familia nyingi hula antipasti nyingi na pasta, halafu hukomea kwenye samaki mmoja mkubwa wa kugawana au sahani moja ya vya kukaanga. Hakuna mhudumu atakayeshangaa.

Pigeni simu Jumatano au Alhamisi, si Jumamosi usiku. Jumapili mchana ndiyo saa yenye watu wengi kuliko zote kwa wiki, na meza ya wanane haipatikani mlangoni. Ombeni saa sita na nusu mchana, „dodici e mezza". Wazee na mtoto wa miaka 4 watakula kabla jiko halijazidiwa, nanyi mtakuwa na nafasi ya kutosha, kwa sababu jiko hufungwa kiasi cha saa nane na nusu. Mahali pengine huweka zamu mbili Jumapili, ya pili ikianza karibu saa nane. Ulizeni kama meza ni yenu mpaka mwisho. Mlo kamili wa watu wanane huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na hapo hakuna aliyechelewesha kitu. Kwenye simu hiyohiyo semeni mambo mawili zaidi: kiti cha mtoto („seggiolone") kama mdogo bado anakihitaji, na kwamba hamtumii divai hata kwenye kupikia.

Hilo la divai msingoje kulisema mezani. Michuzi mingi ya samaki huanzia kwenye fumetto, supu ya vichwa na miiba inayochemshwa asubuhi, na mara nyingi divai nyeupe imeshatiwa humo. Supu ya maganda ya kamba huweza kutiwa brandi. Ikifika saa saba mchana mpishi hawezi kuitoa tena. Mkimwambia siku tatu kabla, atatenga sufuria ndogo au atawaambia kwa ukweli ni vyakula vipi mviondoe kwenye orodha yenu. Sentensi ya kutosha ni hii: „Niente vino, neanche in cottura, e niente maiale." Mhudumu akijibu kwamba divai „evapora", yaani hukauka motoni, rudieni ombi lenu kwa upole. Si pombe yote inayotoka kwenye sufuria, na anayepaswa kuridhika ni mlaji.

Sasa samaki wenyewe. Kwa kawaida sheria za Italia haziruhusu mashua za nyavu za kukokota kufanya kazi Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na nyavu hizo ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya samaki wa Adriatiki. Maana yake ni kwamba samaki wa Jumapili mara nyingi alinunuliwa mnadani Ijumaa, ukiacha wale wa wavuvi wadogo wenye nyavu za kutega. Ndiyo sababu pia migahawa mingi ya samaki hufunga Jumatatu. Hili lisiwatie hofu, ila liongoze uchaguzi wenu. Samaki mkubwa mwenye nyama ngumu, kama rombo (samaki bapa, mpana), spigola au orata, akikaa siku mbili kwenye barafu safi haharibiki, na nyama ya rombo hata hulainika vizuri. Samaki wadogo wenye mafuta, kama alici na sarde ambao nyumbani tungewaita dagaa, hawana subira hiyo. Vimeng'enya vya tumboni mwao hula ukuta wa tumbo, mafuta yao huchacha upesi, na siku ya pili harufu imeshabadilika. Kwa hiyo Jumapili alici za kulowekwa kwenye siki au ndimu ni sawa, za kukaangwa ulizeni zilifika lini. Seppia, yule ngisi mnene mwenye gamba jeupe la chokaa mgongoni, na kome na chaza wanaouzwa wakiwa hai, hawana tatizo la Jumapili.

Mei ni mwezi mzuri kwa seppie, kwa sababu majira ya kuchipua ndipo zinaposogea ufukweni kutaga. Canocchie, jamii ya kamba bapa wenye miiba mkiani, zinaelekea mwisho wa msimu wake. Utamu wao ni wa miezi ya baridi, wakiwa wamejaa mayai na nyama. Mkizikuta Mei, kuleni moja kabla ya kuagiza sahani nzima: ganda likiwa jepesi na maji mengi ndani, hakuna kitu mle. Moscioli, kome mwitu wa miamba ya Portonovo chini ya mlima Conero, wana ladha ya bahari kali kuliko kome wa kufugwa. Wana msimu wao na kanuni zao za kuvunwa, kwa hiyo msiwaahidi wazee moscioli kabla hamjauliza kwa simu. Na kama safari itasogezwa mpaka Agosti, jueni kwamba kati ya mwisho wa Julai na Septemba kuna wiki kadhaa ambapo mashua za kukokota husimamishwa kabisa ili samaki wazaliane. Tarehe hubadilika kila mwaka na kwa kila eneo. Wiki hizo vingi vya mezani hutoka kwenye friza, au kwa wafugaji wa samaki.

Nyota ndogo (*) kando ya jina la chakula kwenye menyu ina maana kwamba kiungo huenda kiligandishwa. Kwa samaki wa kuliwa mbichi hiyo ni habari njema. Kanuni za Ulaya zinataka samaki huyo agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ili kuua minyoo ya anisakis. Swali la kuuliza ni kwa nini ngisi wa kukaanga naye ana nyota, wakati bandari iko mita mia tatu kutoka hapo.

Kwa watu wanane wa aina yenu, mimi ningeagiza hivi. Antipasti za kutosha watu watano, ziwekwe katikati: „antipasti per cinque, al centro". Trattoria nyingi za hapa zina antipasto ya nyumba inayokuja kwa visahani sita hadi kumi, vya baridi kwanza na vya moto baadaye, na bei huhesabiwa kwa kila mlaji. Baadhi hutaka meza nzima ichukue. Hapo ombeni vya kuchagua badala ya mzunguko mzima, la sivyo watoto watashiba kabla ya pasta na ninyi mtalipia vinane. Chagueni saladi ya pweza na viazi, alici za kulowekwa, seppia na njegere, na bakuli moja la kome waliofunguliwa kwa mvuke. Kilo moja ya kome wakiwa na maganda inawatosha watu watatu kama kionjo, basi kilo moja na nusu, pamoja na visahani vile vingine, inawatosha wote. Asiyefunguka baada ya kupikwa mwacheni.

Kisha primo. Spaghetti alle vongole ndiyo sahani salama kuliko zote kwenu, kwa sababu mchuzi wake hupikwa palepale: mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, chaza, maji yao wenyewe na maji ya kuchemshia pasta. Divai hutiwa kwa mazoea tu na mpishi anaweza kuiacha bila kubadilisha kitu kingine. Agizeni ya watu wanne, iletwe kwenye sinia moja. Fungu moja la mgahawa ni gramu 80 hadi 100 za pasta kavu, kwa hiyo la wanne linawatosha watu wazima watano na kijana wa miaka 13, hasa baada ya antipasti. Vongole za hapa, ndogo zenye mistari, huokotwa mchangani baharini na ni tamu kuliko vongole veraci kubwa ambazo nyingi hufugwa kwenye wangwa za kaskazini. Lakini hizo ndogo hubeba mchanga. Mkisikia chengachenga kwenye meno mara ya kwanza, ni bahati mbaya ya chaza mmoja. Mkisikia kila tonge, hawakulowekwa vya kutosha kwenye maji ya chumvi, na hapo ni haki yenu kumwita mhudumu. Msiombe jibini ya kunyunyiza juu yake. Chumvi na mafuta ya jibini hufunika kabisa ladha ya maji ya chaza, na sahani yote iko kwenye maji yale. Risotto ya samaki, wali wa Kiitaliano, hupikwa kwa watu wawili au zaidi, huchukua dakika kama 20, na ndiyo ile inayotegemea fumetto. Wadogo wawili wachukulieni „mezza porzione", nusu fungu, ya spaghetti al pomodoro (ya nyanya) kila mmoja. Hata kama haimo kwenye menyu, jikoni ipo.

Secondo iwe samaki mmoja mzima wa oveni na viazi, na sahani moja ya fritto misto, mchanganyiko wa samaki na ngisi wa kukaanga, ya watu wawili ya kuonja pamoja. Samaki wa kilo 1.8 huhitaji kama dakika 40 motoni, kwa hiyo mwagizeni mara tu mnapokaa, msingoje pasta iishe. Fritto agizeni, lakini iambieni meza iwe tayari. Samaki aliyepakwa unga mkavu akishatoka kwenye mafuta ya nyuzi 180 ana dakika chache tu za kuwa mkavu. Mvuke wa vipande vya chini hulainisha vya juu, na ndimu ikikamuliwa juu ya sahani nzima ganda huloana papo hapo. Kila mtu akamue kwenye kipande chake.

Tufike kwenye mizani iliyowatoa jasho Rimini. Samaki mzima huuzwa „all'etto", kwa kila gramu 100, na uzani ni wa samaki mbichi akiwa na kichwa, miiba na yote. Mtu akiona „6 euro" anadhani ni bei ya sahani. Samaki wa kilo 1.8 kwa bei hiyo ni euro 108. Nyama inayobaki sahanini ya kuliwa ni chini ya nusu: orata au spigola wa kilo 1.8 atawapa kama gramu 800, rombo chini ya hapo kwa sababu kichwa na miiba yake ni mizito. Ninyi walaji sita mtapata kama gramu 130 kila mmoja, na baada ya yote yaliyotangulia hiyo inatosha kabisa. Kosa ni kukubali samaki wa kilo 3 kwa sababu mhudumu amemleta kwenye sinia akiwa amependeza. Mwambieni awaletee samaki kabla ya kupikwa, muulize „quanto pesa?" na „quanto viene in tutto?", yaani uzito na bei ya jumla, msikie tarakimu ndipo mkubali. Hilo si ubahili, Waitaliano nao hufanya hivyo. Na mkishamwona mbichi mtazameni kwa karibu: jicho limejaa mpaka ukingoni na mboni nyeusi, matamvua mekundu bila utelezi wa kijivu, ngozi inayorudi ikibonyezwa. Mama mkwe wako aliyenunua samaki Mombasa maisha yake yote atamhukumu kwa haraka kuliko sisi, mpeni yeye kazi hiyo. Akishapikwa, mwombeni mhudumu amtoe miiba: „ce lo può pulire?" Hufanyika kwa vijiko viwili pembeni ya meza, bila malipo.

Kuna njia nyingine, na kama wazee wanapenda mchuzi, mimi ningeichagua mbele ya samaki wa oveni. Ni brodetto, mchuzi wa samaki wa pwani hii. Ancona kwa desturi huupika kwa aina 13 za samaki, nyanya na siki. Porto Recanati, upande wa kusini, huupika mweupe bila nyanya, kwa zafarani mwitu, na San Benedetto del Tronto hutumia nyanya mbichi za kijani, pilipili hoho na siki. Ngisi na seppia hutangulia kwenye sufuria pana kwa nusu saa au zaidi, wakifuatwa na wenye nyama ngumu, na wepesi kama triglia, mkundaji wetu, huingia dakika kumi za mwisho. Mpishi hakorogi, anatikisa sufuria tu, la sivyo wote wanakuwa uji. Unaliwa na mkate wa kuchoma. Lazima uagizwe siku moja au mbili kabla, kwa watu wawili au zaidi, na una miiba mingi, basi watoto wawekewe kitu kingine. Kwenu swali ni moja tu: divai au siki? Wengine hutia vyote viwili. Siki yenyewe ni ya divai, na hilo kila familia inajua inasimamia wapi.

Kwa upande wa halali, kwa Washafii wa pwani yetu viumbe vya bahari kwa jumla havina utata. Utata uko pembeni ya samaki. Coda di rospo (aina ya samaki) na kamba wakati mwingine huviringishwa pancetta, ambayo ni nguruwe. Olive all'ascolana, zeituni zilizojazwa nyama na kukaangwa, huwa na nyama ya nguruwe ndani na katika mkoa huu huweza kuja kwenye sahani moja na fritto, au kukaangwa kwenye mafuta hayohayo. Ulizeni. Piadina na crescia za asili, mikate bapa ya huku, huwa na mafuta ya nguruwe kwenye unga, kwa hiyo shikeni mkate wa kawaida. Kwa upande mwingine, mkiona konokono wa bahari „in porchetta" msiogope jina: ni upishi wa kitunguu saumu na shamari mwitu, na cha kuulizia hapo ni divai. Stoccafisso all'anconitana, samaki mkavu na viazi, ni fahari ya mji huu, lakini hupikwa saa nyingi kwa mafuta na mara nyingi Verdicchio, divai nyeupe ya hapa, na haiwezi kutengenezwa upya kwa ajili yenu. Iacheni, labda wawaambie vinginevyo.

Kwenye vitamu ndipo watu huteleza wakidhani hatari imekwisha. Zuppa inglese ina pombe. Tiramisu huenda ikatiwa marsala au ramu. Sorbeti ya ndimu, ile ya kunywa kwenye glasi, mahali pengine hutiwa vodka au prosecco, na mtoto hupewa bila mtu kufikiri: semeni „senza alcol" kwa kila glasi. Panna cotta hushikizwa na colla di pesce, jelatini ambayo licha ya jina lake kwa kawaida hutoka kwenye ngozi ya nguruwe. Matunda yaliyokatwa, au ciambellone, keki ya kawaida, baada ya kuuliza kama ina kileo, yatawatosha. Wakiwaletea mistrà, pombe ya anisi, pamoja na kahawa kama zawadi ya nyumba, shukuruni na muiache palepale.

Mkija kwa treni kutoka Bologna, safari inayochukua kama saa 2, chagueni mahali mjini au karibu na bandari. Portonovo ni pazuri mno, lakini Jumapili ya Mei maegesho ni machache na ya kulipia, na kutoka stesheni mtahitaji basi au teksi mbili.

Bili haiji mpaka muiombe: „il conto, per favore". Kutakuwa na coperto, malipo ya kiti na mkate, mara nyingi euro 2 hadi 3 kwa kila mtu na huenda hata watoto wakahesabiwa. Bahashishi si lazima. Angalieni mistari miwili: uzito wa samaki ulingane na mliotajiwa, na idadi ya antipasti iwe tano, si nane.